Mbona kila kitu kipo lakini macho yanakataa? Majibu ya maswali yenu ya diorama

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote, ukizisoma kwa makini, zauliza jambo moja tu kuhusu diorama, yaani mandhari ndogo ya mfano ya kutengeneza mezani: nimeweka nyumba, nimeweka miti, nimeweka watu, rangi nimenunua za bei, na bado mtu akitazama anaona toi. Jibu langu ni lile lile na sitolibadilisha. Kila unachokigandisha pale mezani kiwe na sababu ya kuwa pale, alafu kiwe kimeshapatwa na yale ambayo kingepatwa lau ni cha kweli, jua, mvua, chumvi, maji kujaa na kupwa, mikono ya watu. Haya tuingie kwenye barua.

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mimi ni kijana wa Kisauni, natengeneza kichochoro cha Mji wa Kale kwa skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya kile cha kweli. Kuta ni kadibodi, mapaa ya mabati nimetumia ile kadibodi ya boksi yenye mawimbi, watu nimeagizia mtandaoni na magari nimenunua vile vigari vya chuma vya mfukoni. Rangi nimepaka kwa subra kabisa lakini ndugu zangu wasema ni toi. Tatizo liko wapi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kabla hujagusa brashi tena chukua rula na kalkuleta ya simu, manake shida yako ni hesabu, rangi haina makosa. Mtu mzima wa mita 1.70 kwenye 1:87 hutoka milimita 19 na nusu, na hao ulioagizia bila shaka wako hapo hapo. Sasa vigari vya mfukoni vingi vyao ni vya 1:64, na ukimsimamisha yule mtu wako kando ya gari la 1:64 basi amekuwa na urefu wa mita 1 na sentimita 25 hivi, yaani umepata mtoto wa darasa la pili aliyevaa kanzu na ana ndevu. Mtazamaji hawezi kukwambia kosa liko wapi kwa sababu hajapima kitu, lakini maisha yake yote amesimama kando ya magari na anajua mlango wa gari humfika mtu wapi, kwa hivyo anakataa tu. Na vile vigari hata hio 1:64 si ya kutegemea, vingi hubanwa vitoshe kwenye paketi, ndo maana utakuta lori na saluni vyote vina urefu mmoja. Matatu ya Hiace ya kawaida ina urefu wa kama mita 4.7, kwako wewe iwe milimita 54. Tuktuk ni mita 2.6 na ushei, iwe sentimita 3 tu. Kama hupati za skeli yako basi toa magari yote, wala hutoharibu kitu, vichochoro vingi vya Mji wa Kale gari halipiti, panapita mkokoteni, pikipiki na watu, na ukiacha hivyo umeukaribia ukweli bila kutoa hata shilingi.

Mabati ndo yaliyokumaliza zaidi. Bati la kawaida la mawimbi, kutoka mgongo mmoja hadi mgongo mwengine, ni kama milimita 76. Gawa kwa 87 upate 0.87, haifiki hata milimita moja. Kadibodi ya boksi mawimbi yake ni kama milimita 7, zidisha kwa 87 uone mwenyewe, wimbi moja limepita sentimita 60, mtu mzima angelala ndani ya bonde lake. Sasa sikiza, nenda hadiwea uulize bolti ya M5, ile inayofunguliwa kwa spana namba 8, nyuzi zake zimepishana milimita 0.8, karibu kabisa na unachokitaka na bei yake ni ndogo mno. Chukua foili ya zile sahani za alumini za kubebea biriani, ilaze juu ya kipande cha mpira, alafu ibingirishe bolti juu yake kwa kuikandamiza, polepole, kila ukirudi hakikisha mistari imeingia kwenye mistari ya mwanzo. Ukimaliza kata vipande vya upana wa milimita 9 na urefu wa 25 hadi 35, manake paa la kweli ni mabati mengi yaliyolaliana, sio shuka moja lililotandikwa. Alafu pachika moja au mawili kombo kidogo. Fundi wa kweli pia hupinda.

Na kuta zako nina hakika ni nyembamba, hukusema lakini umesema kadibodi. Nyumba za zamani za pale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta wa nusu mita ni jambo la kawaida, kwako hio ni karibu milimita 6. Dirisha likikaa kwenye ukuta wa milimita moja limekaa juu juu tu, halina kivuli, na kivuli cha dirisha ndicho kinachomwambia mtu huu ni ukuta mzito. Bandika kadibodi mbili tatu pamoja au tumia foam, uchimbe dirisha liingie ndani. Kama utaacha nyumba moja imebomoka uonyeshe boriti za dari basi usitumie vijiti vya kuchokolea meno, hivyo ni milimita 2, sawa na gogo la sentimita 17. Chomoa chelewa kwenye ufagio, upande ule mwembamba, ndo unene wa boriti ya mkoko. Na chumba usikifanye kipana, boriti ndo ilikuwa ikiamua upana wa chumba, mita 2 na nusu hadi 3 hivi basi, kwa hivyo vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba. Ukiweka ukumbi wa mita 6 bila nguzo umejenga nyumba ambayo haingesimama.

SWALI: Fundi salaam. Nimeanza bandari ya kale na majahazi, miaka ya hamsini. Bahari nimemwaga resini, ile ya majimaji inayoganda kama kioo, nikaitia rangi ya buluu, imetoka yang'aa na nzuri lakini haifanani na bahari yoyote ninayoijua, na mimi naishi Likoni bahari naiona kila siku. Majahazi yako manane na mikoko nimeipanda pwani nzima. Nisaidie. — Msomaji wa Likoni

JIBU: Hii barua nimeifurahia sana dada yangu, au kaka, hukutaja, kwa sababu umejishuku mwenyewe kabla ya kuambiwa. Basi nijibu hili kwanza: maji yako hapo ni ya saa ngapi? Hapa kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, kuna siku hukaribia 4. Skeli hukutaja, basi nahesabu kwa 1:87, na hapo mita 3 na nusu ni milimita 40. Yaani ukuta wa bandari yako una mkanda wa sentimita 4 ambao kila siku uko ndani ya maji na kila siku uko nje, na mkanda huo hauwezi kuwa na rangi moja na ukuta wa juu. Chini kabisa ni mweusi wa kijani, una mwani, unateleza. Katikati wamejaa chaza, pamekuwa na makwaruzo. Juu kidogo pana weusi mkavu, alafu ndo unaanza ukuta mweupe wa chokaa. Lau ungefanya mkanda huo tu na usiguse kitu chengine chochote diorama yako ingepanda daraja siku hio hio, na ngazi za kushukia pia usizisahau, vidato vya chini vina utelezi na vya juu vimelika katikati kwa miguu ya watu.

Ukishaamua saa, kila kitu kinafuata. Maji yakiwa yamejaa basi majahazi yanaelea na kamba zimelegea au zimekazika kulingana na upande wa mkondo. Maji yakiwa yamekupwa basi vyombo vya pwani vimekaa kwenye tope, vimelala ubavu au vimeegemezwa magogo, na mbele yao pana mfereji wa maji uliochorwa na mkondo. Mimi ningechagua kupwa, kwa sababu utamwaga resini kidogo na utaonyesha tope, nyayo, kamba zilizojaa mwani, mambo mengi.

Kuhusu majahazi manane, hapa nakuomba usikize vizuri. Yaliyotia nanga lazima yaangalie upande mmoja, wote, manake upepo na mkondo ndio unaoyageuza. Ukiweka moja laangalia Nyali na jengine laangalia Fort Jesus umeniambia hapa hapana upepo wala bahari. Bendera, moshi wa jikoni, nguo zilizoanikwa, minazi, vyote viwe na upepo mmoja. Na upepo gani? Umesema miaka ya hamsini, na majahazi makubwa ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakija na kaskazi, kuanzia mwezi wa Disemba hivi, yakirudi upepo wa kusi ukianza kushika mwezi wa Aprili. Bandari iliyojaa mabaghala na mabumu ni bandari ya kaskazi. Basi Januari na Februari kwetu ni ukame, nyasi zimekauka ni za manjano, vumbi liko, mbingu haina yale mawingu mazito ya masika. Ukitaka nyasi za kijani kibichi na madimbwi barabarani basi peleka tarehe kwenye Mei na utoe majahazi ya mbali, ubakishe mashua na ngalawa za hapa hapa. Vyote viwili ni vizuri, lakini chagua kimoja.

Rangi ya maji haitoki kwenye resini, inatoka chini. Paka sakafu kwanza, mchanga mweupe karibu na pwani, kijani penye kina kidogo, buluu ya giza kwenye kina, na ndani ya hori kule hudhurungi kwa sababu ya tope, alafu mwaga resini isiyo na rangi au yenye tone moja tu. Mwaga tabaka nyembamba za milimita chache, usubiri ikauke, umwage nyengine, manake ikiwa nene inapata moto inapokauka na hupasuka au kugeuka manjano, soma maandishi ya chupa yako. Mawimbi usiyakuze, maji ya ndani ya bandari ni mikunjo midogo tu, wimbi la milimita 6 kwenye 1:87 ni nusu mita na hapo jahazi lingekuwa linarushwa.

Mikoko nayo ina mpango wake na kila mvuvi anaujua. Mbele kabisa baharini ni mlilana, una mizizi iliyosimama kama kucha juu ya tope. Nyuma yake mkoko wenyewe, ule wenye miguu mingi ya kupinda. Juu zaidi mkandaa, na karibu na nchi kavu mchu. Na yote hukaa penye tope palipotulia, hori la Tudor, Mtwapa, Port Reitz, kwa hivyo kuipanda pwani nzima hadi mbele ya ukuta wa bandari na miamba hapana, ipeleke ukingoni mwa diorama pale pwani inapoingia ndani.

SWALI: Naitwa mpenda reli, Changamwe. Babu yangu alifanya kazi reli zamani. Nataka kufanya stesheni ya Mombasa mwaka 1960 na lile treni kubwa la mvuke la Garratt linaingia. Nimenunua reli ya H0 (ya treni za mfano za 1:87), nimeweka rundo la makaa ya mawe kando ya injini, wauza maji na mitungi ya plastiki ya manjano, na jakaranda mbili zimechanua. Kuna nilichosahau?

JIBU: Kama babu yako yu hai basi mkalishe umuulize kabla ya kuniuliza mimi, na urekodi, hio ni mali ambayo haiuzwi dukani. Kama hayupo basi tutasaidiana.

Mwaka 1960 umechagua vizuri. Garratt za klasi ya 59 zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock kule Manchester na kuletwa 1955 na 1956, kazi yao kubwa ilikuwa njia ya Mombasa hadi Nairobi, zilipakwa rangi ya damu ya mzee na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, namba 5918 Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nenda ukaipige picha kila upande, chini na juu. Sasa makaa ya mawe yatoe. Hizi injini zilikuwa zikichoma mafuta mazito, hakuna mtu na sepetu, hakuna rundo, hakuna vumbi jeusi la makaa ardhini. Kilichokuwepo ni weusi wa mafuta kwenye mawe ya reli pale injini inaposimama, madoa yanayong'aa kidogo, na maji yaliyomwagika penye bomba la kujazia. Hapo ndo pa kutilia mkazo.

Reli uliyonunua nayo ina neno. H0 ya kawaida ina upana wa milimita 16.5 na hio kwenye 1:87 ni milimita 1435, yaani ni upana wa SGR, ile reli mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza 2017 na stesheni yake iko Miritini. Reli ya zamani ilikuwa mita moja kamili. Kwenye 1:87 hio ni milimita 11 na nusu, na kuna reli ya kununua ya milimita 12 inayoitwa H0m, tofauti ya nusu milimita haionekani. Kama pesa hairuhusu, kuna watu huchukua reli ya N ya milimita 9 wakajenga kila kitu kwa skeli ya 1:110, hesabu inakubali, lakini itabidi watu na nyumba utengeneze mwenyewe. Ukibaki na 16.5 Garratt yako itaonekana imepanua miguu, na mtu aliyeona reli ya zamani atajua mara moja. Mataruma pia yaangalie, reli yetu sehemu kubwa ilikuwa mataruma ya chuma, yale ya kuviringika pembeni, sio magogo manene ya mbao uliyoyaona kwenye picha za Marekani.

Alafu pima nafasi. Klasi ya 59 ina urefu wa karibu mita 32, kwa 1:87 ni sentimita 36 injini peke yake. Ukiwa na meza ya mita moja basi injini na mabehewa mawili imejaa, kwa hivyo usijaribu stesheni nzima, fanya mwisho wa jukwaa moja tu na injini ikiwa imeshafika, nyuma yake mabehewa yaishie ukingoni mwa meza mtu aelewe yanaendelea.

Mitungi ya plastiki ya manjano hapana, 1960 watu walibeba maji kwa madebe, bati la pembe nne, ni rahisi kutengeneza na linapendeza zaidi. Jakaranda ni mti wa Nairobi, hapa weka mwarobaini, mkungu wenye matawi ya kutanda, mwembe mmoja mkubwa. Na kama nyuma umechora picha ya mji, yale mapembe makubwa ya ndovu ya barabarani yaweke, yalisimamishwa mara ya kwanza 1952. Daraja la Nyali unaloliona leo ni la 1980 kwa hivyo lisitokee, wakati huo palikuwa na daraja la kuelea lililofunguliwa 1931. Najua ni mambo mengi, yakhe, lakini mwaka ukishautaja wewe mwenyewe ndo umejifunga, na mtu mmoja anayejua akikuta kitu cha miaka ya baadaye hatoamini hata kile ulichokifanya sawa.

SWALI: Je naweza kutumia mchanga wa pwani wa kweli? Ni bure na ni wa kweli kabisa. — Mtwapa

JIBU: Kwa ufuo hapana, kwa reli ndio. Punje ya nusu milimita ukiizidisha kwa 87 ni jiwe la zaidi ya sentimita 4, kwa hivyo ufuo wako utakuwa ni kokoto, lakini kokoto za reli ndo ukubwa huo huo. Mchanga wa ufuo tumia unga, jipsam iliyochanganywa rangi kidogo, au unga wa matumbawe uliosagwa ukachujwa kwa kitambaa cha soksi. Chochote ulichotoa baharini kioshe maji baridi, yasiyo ya chumvi, mara kadhaa ukianike, chumvi ikibaki hunyonya unyevu na rangi itabanduka. Udongo wa shamba pia uchuje na uuweke juani vizuri au uuoke, una mayai ya wadudu. Na rangi ya udongo iwe ya mahali pake, kisiwani ni mweupe na kijivu kwa sababu chini ni mwamba wa matumbawe, ule mwekundu ni wa kwenda Voi.

SWALI: Kutu niweke kiasi gani? Nikiweka kidogo haionekani, nikizidisha nyumba yote yawa ya machungwa. — Dada wa Bamburi

JIBU: Dada, usiulize kiasi gani, uliza inaanzia wapi. Toka nje utazame paa la jirani. Kutu huanza kwenye matundu ya misumari, kwenye ncha zilizokatwa, na pale mabati yanapolaliana maji yanapokwama, alafu inateremka na mvua kufuata bonde la bati kwenda chini. Katikati ya bati panaweza kuwa bado ni kijivu safi. Kutu ya zamani ni kahawia ya giza karibu na nyeusi, ya machungwa ni ile changa na ni kidogo, iweke ncha ya brashi tu. Bati jipya moja kati ya makongwe, manake mtu alibadilisha lililovuja, hapo paa limepata historia.

Kuta vilevile. Maji ya mvua huchuruzika chini ya madirisha na penye mifereji iliyovunjika, na pale ndo panapoota weusi, michirizi ya kwenda chini, mipana juu na myembamba chini. Chini ya ukuta kuna mkanda wa matope yaliyoruka wakati wa mvua, na pembeni mwa baraza pana weusi wa migongo ya watu walioegemea miaka. Rangi ya mlango imepauka upande unaopigwa na jua na imebaki kivulini. Chukua chaki uzisage, kahawia, nyeusi, kijivu, upake kwa brashi kavu, ukikosea unafuta na kitambaa chenye maji. Na rangi zote za msingi ziongeze nyeupe kidogo au kijivu, rangi ya kopo ikipakwa kwenye kitu kidogo huonekana kali kuliko ilivyo, na vitu vya nyuma viongeze zaidi kuliko vya mbele. Vanishi ya kung'aa iache kwa maji na vioo peke yake.

SWALI: Mwanangu ana mradi wa shule, ataka kutengeneza Fort Jesus na watu wake. Meza ya kulia ndo tuliyonayo. Itatosha? Na taa tuweke wapi? — Mama wa Tudor

JIBU: Mama, hongera kwa kukubali kutoa meza ya kulia. Ngome nzima haitoshi. Eneo la Fort Jesus lililosajiliwa na UNESCO mwaka 2011 ni hekta 2.36, kwa 1:87 hilo ni zaidi ya mita 3 za mraba, na bado hujaweka bahari wala barabara. Akiibana iingie itabidi apunguze kuta na kila mtu atajua ni ngome ya mdoli. Achukue pembe moja tu, ukuta mmoja na sehemu ya mwamba chini yake, kwa urefu wake kamili, mtazamaji atajua kwamba ngome inaendelea. Mwamba na ukuta asivitenganishe kwa mstari, ile ngome iliyoanzwa kujengwa 1593 imekaa juu ya matumbawe na sehemu nyengine mwamba wenyewe ndo ukuta umechongwa, kwa hivyo rangi ya chini ipande juu na michirizi ya juu iteremke chini.

Miti asiipunguze. Watoto na wakubwa pia hufanya mnazi wa sentimita 8, hio ni mita 7. Mnazi mkongwe wa mita 20 ni sentimita 23 kwenye skeli hio, na jani moja ni karibu sentimita 5 na nusu, lakini shina lake ni milimita 3 au 4 tu. Uzi wa makumbi na waya wa shaba wa umeme vitamtosha. Miwili iliyo sawa inatosha kabisa kuliko kumi mifupi.

Watu wasiwe wamesambazwa sawasawa uwanjani. Kwetu saa sita mchana hakuna anayesimama juani bila sababu, wote wako kwenye kivuli cha ukuta, chini ya mti, karibu na muuza madafu, na uwanja wa kati mtupu. Wawekwe wawili watatu pamoja wakiangaliana, mmoja peke yake anayekwenda mahali, mtalii mmoja na kamera ambaye hakujua kuhusu jua. Asichague wale wa kukimbia na kuruka, mtu aliyegandishwa katikati ya mruko anachosha baada ya dakika moja, aliyekaa barazani unaweza kumtazama siku nzima.

Taa basi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua la mchana liko karibu juu ya kichwa, vivuli vifupi viko chini ya miguu. Kama ni mandhari ya mchana taa iwe juu, moja, yenye nguvu. Kama ni jioni basi iwe chini upande wa bara, manake mbele ya ngome ni mashariki, bahari, jua haliwezi kuchwea huko. Taa mbili zenye nguvu sawa zitampa kila mtu vivuli viwili na hapo kazi yote imeharibika, kwa hivyo ya pili ifunikwe kwa karatasi nyeupe iwe hafifu, ya kulainisha tu. Na meza iinuliwe, iwekwe juu ya kabati, ngazi ya macho ya mtazamaji ikaribie ngazi ya macho ya wale watu wadogo, manake ikiwa chini tunaitazama kama kunguru wa paani, tunaona mapaa na vichwa. Siku ya kuonyesha shuleni aombe dawati mbili zibebane, na ukuta wa nyuma aweke kadibodi ya buluu iliyofifia kwenda chini, mstari wa bahari uwe sawa na macho ya mtoto wa kimo chake, kwa sababu wenzake ndio watakaotazama zaidi kuliko walimu.